Maji Kwanza au Mbio Kwanza: Mama Ildefonsa na Swali Lake

Tarehe 30 Juni, 1980, Mama Ildefonsa Nshoma, Muuguzi Mkunga wa Wilaya, atastaafu baada ya kuwatumikia wagonjwa wa Ngara na Biharamulo kwa miaka thelathini na minne. Anaondoka akiwa na afya njema, sauti yake ikiwa bado inasikika kutoka wodi moja hadi nyingine, na swali moja ambalo hajapata jibu lake. Wasifu huu ni wa mama huyo. Lakini ni wa swali hilo pia, kwa kuwa wote waliosimulia habari zake walianza na mama wakaishia kwenye swali.

Mama Ildefonsa alizaliwa Ngara mwaka 1925, mtoto wa tatu wa wakulima wa kahawa na ndizi. Aliajiriwa mwaka 1946 kufagia wodi ya wazazi. Wakunga walipozidiwa walimwita ashike taa, kisha ashike beseni, kisha ashike mtoto. Baada ya miaka michache walimpeleka kozi ya ukunga, akafaulu vizuri, na mwaka 1953 akapangiwa Biharamulo. Amezalisha watoto wa watoto aliowazalisha. Baadhi yao ni watumishi wenzetu na watakuwapo kwenye sherehe, kwa hiyo tunawaomba wasimkimbie akianza kusimulia walivyozaliwa.

Ni vigumu kufanya kazi na Mama Ildefonsa bila kucheka. Chai yake anaichemsha kama anavyochemsha sindano, na mgeni akilalamika kwamba imekuwa chungu, humwambia kwamba angalau haina kijidudu. Kule Lusahunga madereva wa malori ya Rusumo wanamjua wote. Siku moja alikuwa na mgonjwa kando ya barabara na hapakuwa na usafiri, basi akasimama katikati ya njia akiwa ameinua chupa ya maji ya mshipani juu ya kichwa. Lori lilisimama karibu kabisa na miguu yake. Dereva akateremka.

“Mama! Ningekugonga!”

“Ungenigonga ungenipeleka hospitali,” alijibu, “na ndiko ninakokwenda. Fungua mlango.”

Hadi leo dereva huyo akipita Biharamulo humletea salamu.

Mwaka 1974 watu walipohamia katika vijiji vya ujamaa, zahanati ilisogea karibu na nyumba zao, lakini hospitali ilibaki ilipokuwa. Mtu aliyepoteza damu nyingi, iwe mama aliyejifungua, mkulima aliyejikata panga au mwindaji aliyepigwa pembe na nyati, alifika zahanati mapema, kisha ikabaki safari ndefu ya machela mabegani mwa wanaume. Mwaka uliofuata alikuja Mganga Mkuu wa Wilaya mpya, Daktari Methusela, kijana aliyetoka kumaliza masomo Dar es Salaam. Wiki yake ya kwanza aliletewa mama kutoka kijiji cha Murukulazo aliyetokwa damu baada ya kuzaa. Mama Ildefonsa alikuwa amekaa naye zahanati, akamtundikia maji mpaka mapigo yakarudi mkononi, ndipo akaruhusu abebwe. Mgonjwa alifariki mlangoni pa hospitali.

Daktari alisema mgonjwa angebebwa mara moja angepona. Mama Ildefonsa alisema bila maji asingefika hata nusu ya njia. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Daktari akauliza, “Mama, umejuaje?” Naye akamjibu, “Na wewe, Daktari, umejuaje?”

Hilo ndilo swali. Mtu akizimia kwa kupoteza damu mbali na hospitali, je, atundikiwe maji kwanza hapo hapo, au apelekwe mbio kwanza na maji ayakute hospitali? Kila upande una sababu zake, na kila upande una makaburi yake.

Daktari alisema njia ya kujua ni moja tu: wagonjwa wa namna moja wagawanywe kwa kura, nusu wapate maji kwanza na nusu mbio kwanza, kisha wahesabiwe waliopona. Mama Ildefonsa alikataa. Alisema mgonjwa si karata za kuchanganya. Alikataa kwa muda mrefu, na kama Daktari angemlazimisha, kazi ingekufa siku hiyo, maana vijijini watu walimsikiliza mama kwanza. Kilichombadilisha ni yeye mwenyewe. Alianza kuwakumbuka mmoja mmoja wagonjwa aliowatundikia maji na wale aliowaacha wabebwe. Siku moja akaingia ofisini kwa Daktari bila kubisha hodi, akasema, “Nimegundua jambo baya. Nilikuwa namtundikia maji yule niliyemwona atapona. Yule niliyemkatia tamaa nilimwambia kaka yake ambebe. Sasa nitajuaje kama ni maji yaliyoponya, au ni macho yangu yaliyochagua? Lete kura yako.”

Hivyo mwaka 1976 walikaa kupanga utafiti katika vijiji sita, vitatu vya Ngara na vitatu vya Biharamulo. Kazi ya kwanza ilikuwa kukubaliana ni nani hasa ahesabiwe kuwa amezimia. Vipimo vya presha havikutosha zahanati zote. Mama Ildefonsa akapendekeza salamu. Mzee, hata akiwa mahututi, ukimwambia shikamoo ataitika marahaba, na kijana ukimwita kwa jina atakuamkia shikamoo, kwa maana wamezoea. Asipoitika, hali ni mbaya. Daktari alifurahi sana, wakaiandika. Ikafanya kazi vizuri mpaka ilipomfikia Mzee Bernardo, aliyejikata mguu kidogo akipasua kuni, na ambaye hakuwa akisemeshana na Mama Ildefonsa tangu alipomnyima sigara wodini. Mama akamwamkia shikamoo. Kimya. Akarudia. Kimya. Mzee Bernardo akapakiwa kwenye machela macho yakiwa wazi kabisa, na alifika hospitali akiwatukana wabebaji wote. Kuanzia hapo waliongeza sharti la pili: salamu isiitikwe, na mapigo yasisikike kwenye kifundo cha mkono. Mzee Bernardo amesema atakuja kwenye sherehe, ila kuhusu marahaba hajaahidi.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Aliyezimia hawezi kuulizwa kama anakubali. Basi waliamua waulize watu wakiwa wazima. Mama Ildefonsa alizunguka mikutano mikuu ya vijiji vyote sita kwa baiskeli. Huko Murukulazo, mwanamke mmoja mkulima, Bi Generoza, alisimama katikati ya mkutano.

“Mama, na mimi nikiwa nimelala pale sijitambui, nani atanijibia?”

“Ndiyo maana nimekuja leo,” alisema, “ukiwa na mdomo wako.”

Watu walicheka, lakini waliuliza maswali mpaka jua likaelekea kuzama, naye aliyajibu yote. Mengi aliyajibu kwa neno moja: sijui. Walikubaliana kwamba nyumba isiyotaka kura ifunge kamba ya mgomba kwenye mwimo wa mlango, bila kuulizwa sababu, na mgonjwa wake atatibiwa kwa namna muuguzi atakavyoona inafaa. Murukulazo zilifungwa kamba nyingi. Mama Ildefonsa alizipita bila kusema neno, na aliwakataza viongozi kusema neno.

Bahasha ziliandaliwa Biharamulo. Ndani ya kila moja kulikuwa na karatasi iliyoandikwa Maji Kwanza au Mbio Kwanza, zikachanganywa, zikafungwa, zikapelekwa vijijini. Mgonjwa akija, bahasha ya juu ifunguliwe mbele ya ndugu.

Hapo ndipo Murukulazo walipofanya kosa lao, na tunalieleza hapa kwa idhini ya wenyewe, ambao siku hizi hulisimulia kwa kicheko. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Anatoli, hakulala vizuri akiwaza kura. Je, kama mabalozi wa nyumba kumi kumi wa upande mmoja wakipata maji matupu na wa upande mwingine mbio tupu? Usawa uko wapi? Aliwaita mabalozi wake. Walizifungua bahasha kwa mvuke wa chungu cha maharage, wakazipanga upya moja Maji, moja Mbio, moja Maji, moja Mbio, kila balozi apate sawa na mwenzake, kisha wakazifunga kwa uji wa muhogo. Walifanya kazi safi. Hakuna aliyeiba chochote, na hakuna aliyempendelea ndugu yake.

Ila sasa kijiji kizima kilijua zamu inayofuata. Kijana mmoja alijikata paja kwa panga shambani siku ambayo zamu ilikuwa ya Mbio. Kaka zake waliamini maji ndiyo dawa yenyewe, wakamficha nyumbani wakingoja mgonjwa mwingine atangulie kuichukua Mbio. Hakutangulia mtu. Walipomleta zahanati alikuwa hana rangi. Alipona, tunamshukuru Mungu, na anatembea kwa fimbo.

Mama Ildefonsa alifika, akanusa bahasha, akauliza ni nani aliyekuwa akipika maharage. Bwana Anatoli alisimama mwenyewe.

“Tuligawa sawa, Mama. Si ndivyo tunavyofundishwa? Hata sukari ya duka la ushirika tunaigawa sawa.”

“Sukari igaweni sawa, Mwenyekiti, kwa sababu mnajua ni sukari. Hiki tulichowaletea bado hatujui kama ni sukari au ni chumvi. Mkishaanza kukigombea kama sukari, hatutajua kamwe.”

Daktari Methusela alitaka kuiondoa Murukulazo katika utafiti. Mama Ildefonsa alimwomba asifanye hivyo. Alisema watu waliokosea kwa kutaka haki ndio anaotaka kufanya nao kazi, ni kuwaonyesha tu haki ya namna nyingine. Bahasha mpya zilitengenezwa kwa karatasi nzito iliyowekewa kaboni nyeusi ndani isisomeke kwa nje, zikapigwa muhuri ili akizifungua mtu ionekane. Wagonjwa wote wa kipindi kile cha maharage waliondolewa katika hesabu, ingawa wengi walikuwa wamepona na wangeipamba taarifa. Daktari alisikitika. Mama Ildefonsa alisema hesabu si harusi, haihitaji kupambwa.

Hata hivyo imani ilikuwa imepungua. Kamba za mgomba ziliongezeka. Watu walianza kusema kwamba kura ni ya watoto wa wengine, na kwamba siku ikimfikia mwenye kura ndipo tutaona.

Siku hiyo ilifika Desemba 1978. Vita vilikuwa vimeanza, na wanaume wengi wa Murukulazo walikuwa wamekwenda na mgambo kaskazini. Miongoni mwao alikuwa mkwe wa Mama Ildefonsa, mume wa binti yake Restituta. Restituta alijifungua salama asubuhi, mtoto wa kiume, kisha damu ikakataa kukoma. Mama Ildefonsa alikuwapo kijijini siku hiyo kwa kazi nyingine. Alimkanda tumbo, akamchoma sindano ya kubana mfuko wa uzazi, kama anavyofanyiwa mgonjwa yeyote, na damu ikapungua, lakini iliyotoka ilikuwa imeshatoka. Alimwita kwa jina akingoja shikamoo aliyoizoea, isije. Alishika kifundo cha mkono, mapigo hayakusikika. Nyumba ya Restituta haikuwa na kamba mlangoni.

Bwana Anatoli alileta bahasha. Zahanati ilijaa watu, na wengine walichungulia dirishani. Mama alimwambia Mwenyekiti afungue yeye, kwa sababu mikono yake ilikuwa na damu. Karatasi ilisema Mbio Kwanza.

Chupa ya maji ilikuwa mezani, imejaa. Kila aliyekuwapo alijua kwamba Mama Ildefonsa mwenyewe, kabla ya kura, alikuwa mtu wa maji.

“Mama,” Bwana Anatoli alisema kwa sauti ya chini, “hii tufanye hatujaiona. Nichukue nyingine?”

Kisha Restituta alifumbua macho, akaona watu, akaona karatasi mkononi mwa Mwenyekiti. Alisema maneno machache kabla ya kupotea tena: “Mama, wenzangu hawakuchaguliwa bahasha.”

“Inueni,” Mama Ildefonsa alisema.

Hapakuwa na wa kuinua. Kwa desturi machela ni ya wanaume, na waliobaki walikuwa wazee na watoto. Bi Generoza alijifunga kanga kiunoni, akashika mpini wa mbele.

“Generoza, hiyo si kazi ya wanawake,” mzee mmoja alisema.

“Wenye kazi wako vitani Kyaka, baba. Tukimaliza kuwangoja tutakuwa tunabeba jeneza. Shika ule wa nyuma au tupishe!”

Wanawake wanne waliinua. Njiani walitoka wengine mashambani. Desturi inasema anayekutana na machela huingiza bega bila kuulizwa na bila machela kutua chini, na wanawake wa kila kilima waliifuata kama vile walikuwa wameifanya siku zote. Mama Ildefonsa alitembea pembeni, mkono wake ukiwa kwenye kifundo cha binti yake njia nzima. Machela haikutua hata mara moja. Restituta alifika hospitali akiwa hai, akaongezwa maji, akaongezwa damu, na mwezi uliofuata alikuwa shambani akipalilia maharage.

Wiki hiyo kamba nyingi za mgomba zilifunguliwa Murukulazo. Hakuna aliyeagiza. Tangu siku hiyo pia wanawake ni wabebaji wa machela katika vijiji vyote sita, hata baada ya wanaume kurudi. Bi Generoza anasema wanaume wanaruhusiwa kusaidia.

Wengi walidhani jibu limepatikana. Mgeni mmoja kutoka mkoani alimpongeza na kumshauri atangaze kwamba mbio ndiyo njia bora, kwani yeye mwenyewe ameshuhudia. Mama Ildefonsa alimshukuru, akamwambia, “Mwanangu ni mmoja. Angekufa, ungetaka nitangaze maji?”

Januari 1979 utafiti ulisimamishwa. Chupa za maji zilihitajika vitani, na malori pia. Walipohesabu wagonjwa waliokuwa wamepatikana, walikuwa wachache mno. Tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo, ya kuweza kuletwa na bahati tu. Daktari Methusela aliandika hivyo hivyo katika taarifa yake, naye Mama Ildefonsa akaweka sahihi chini ya neno ambalo watu wengi hawapendi kuliwekea sahihi, kwamba bado hatujui. Waliomwona siku hiyo wanasema ndiyo siku pekee aliyoacha chai yake bila kuimaliza.

Sasa habari njema. Mkoa wetu, ambao siku hizi unaitwa Kagera, umekubali utafiti uanze tena mwezi Julai, katika vijiji vingi zaidi, kwa mpango ule ule aliousaidia kuupanga: salamu na mapigo, mkutano wa wazima, kamba mlangoni, bahasha nzito. Kilichobaki kilikuwa vijiji vikubali bila yeye kuwa mbele. Hilo ndilo lililomnyima raha miezi hii ya mwisho. Alikuwa akiuliza kila mtu aliyetoka Ngara kama watu watakubali kwa muuguzi mpya, au walikuwa wakimkubali yeye tu. Maana kama walimkubali yeye tu, alisema, basi walikuwa hawajaielewa kura.

Mkutano wa Murukulazo ulifanyika mwanzoni mwa mwezi huu. Mama Ildefonsa, ambaye amejenga huko na atahamia huko, alikaa nyuma kabisa kama mwanakijiji, akiwa amejilazimisha kufunga mdomo. Muuguzi mpya alieleza. Watu waliuliza maswali magumu kuliko yale ya mwaka 1976, naye aliposema sijui, walitikisa kichwa kwa kuridhika. Mikono iliponyooshwa, ilijaa.

Kisha Bwana Anatoli akasimama na hoja ya shukrani. Kijiji kilikuwa kimeshauriana, alisema, na kimeona kimpe Mama Ildefonsa zawadi ya kustaafu: yeye peke yake, kwa maisha yake yote yaliyobaki, asiingizwe kwenye kura. Akizimia atundikiwe maji papo hapo, kama anavyopenda mwenyewe tangu zamani. Watu walipiga makofi. Wengine walipiga vigelegele.

Mama Ildefonsa alisimama kule nyuma.

“Mwenyekiti, mnanistaafisha au mnanifukuza kijijini?”

Mkutano ulilipuka kwa kicheko, na hoja ikaondolewa. Jina lake likaandikwa pamoja na majina ya jirani zake, katika nyumba kumi za balozi wake, mahali pake panapostahili. Wanasema alirudi kukaa, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na akalala usingizi mwema kuliko alivyolala kwa muda mrefu.

Mama Ildefonsa, sisi watumishi wenzako wa Afya, Ngara na Biharamulo, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa vicheko vyako, na kwa kutufundisha kusema sijui bila kuona haya. Tunamshukuru pia Restituta na wajukuu kwa kukuazima kwetu miaka yote hii. Nenda ukapumzike, ulime, ule ndizi za shamba lako. Tunakuombea siku njema, ndefu, zenye baraka, na tunakuahidi kwamba jibu likipatikana, liwe la maji au la mbio, wewe ndiwe wa kwanza tutakayemletea.

Umeandikwa na Clotilda, karani mpya wa Ofisi ya Afya, Biharamulo, kwa niaba ya wote.